Je, wajua ni nini kilichoyafunga maduka ya Mtaa wa India, Bagamoyo?

Ukipita Mtaa wa India, Bagamoyo, milango inayopigwa picha ni ile ya kuchongwa, yenye maua na minyororo kwenye miimo. Jirani yake mara nyingi pana mlango mwingine usio na nakshi, mpana, wa mbao za kukunja kipande kwa kipande. Huo haukutengenezwa kwa ajili ya mtu kuingia nyumbani. Ulikuwa wa duka: ukishakunjwa wote, chumba cha mbele kinabaki wazi kwa mtaa, stoo nyuma, familia juu. Milango hiyo leo ni mingi kuliko maduka, na swali linakuja lenyewe: wenye maduka walikwenda wapi, na kwa nini?

Jibu utakalopewa na watu wengi ni la mwaka mmoja tu, 1891. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka huo, serikali ikaondoka, wafanyabiashara wakaifuata, mji ukalala. Ni jibu fupi, lina tarehe, na mwanafunzi anaweza kulikariri. Taabu yake ni majengo. Forodha pale ufukweni ilijengwa mwaka 1895. Boma, lile jengo kubwa la ghorofa, ni la mwaka 1897. Yaani serikali iliyosemekana kuuacha mji ukifa ilirudi miaka minne baadaye kujenga nyumba ya ushuru, na miaka miwili mbele ikajenga ofisi kubwa. Watoza ushuru hawana tabia ya kujenga mahali ambapo hapapiti mzigo. Katika miaka hiyo ya 1890 Bagamoyo ilikuwa bado inapokea misafara, na wapagazi waliopita hapo kwa mwaka walihesabika kwa makumi ya maelfu.

Jibu la pili ni biashara ya watumwa: kwamba mtaa uliishi kwa hiyo, na ilipopigwa marufuku nao ukaisha. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo halina ubishi, na wengi walivushwa kwenda Unguja. Lakini Sultani Barghash alisaini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa, mwaka 1873. Kama mtaa ulitegemea hiyo peke yake, ungeanza kunyauka hapo. Kilichotokea ni kinyume: miaka ya 1870 na 1880 ndiyo iliyokuwa ya neema, na neema yenyewe ilikuwa ni pembe za ndovu. Pembe laini za Afrika Mashariki zilipendwa sana Ulaya na Marekani, zikaishia kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Na waliozibeba, kwa sehemu kubwa, walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, waliokuwa wakipatana malipo kabla ya kuinua mzigo. Picha ya mtu mwenye mnyororo shingoni na pembe begani imetufunika macho kiasi kwamba yule mfanyakazi wa mshahara, aliyekuwa mteja wa haya maduka, hatumwoni kabisa.

Jibu la tatu husikika kwa wazee zaidi: Wahindi waliondoka baada ya majumba kutaifishwa. Sheria ya mwaka 1971 kweli ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba wa ghafla nchi nzima. Ila kwa Bagamoyo sheria hiyo ilikuta mtaa umeshapungukiwa zamani. Wenye fedha walishahamia Dar es Salaam vizazi viwili nyuma.

Basi majibu yote matatu yana ukweli ndani yake na hakuna hata moja linalotosha. La kuanza kujiuliza si nani aliondoka. Ni kwa nini maduka yalikuwa hapo tangu mwanzo, maana Bagamoyo haina bandari ya maana. Maji ni mafupi; bahari ikitoka, majahazi yanakaa mchangani, na meli kubwa ililazimika kutia nanga mbali. Pembe hazikupatikana Bagamoyo, vitambaa havikufumwa Bagamoyo. Mji huo ulikuwa mahali ambapo mzigo ulishuka kichwani mwa mtu na kupanda chomboni, au ulishuka chomboni na kupanda kichwani mwa mtu. Hicho tu.

Na hicho tu kinatosha. Chukua stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar es Salaam, kabla mabasi ya mikoani hayajahamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Abiria wa Singida hakuipenda Ubungo. Alifika hapo kwa sababu daladala iliishia hapo na basi lilianzia hapo. Katikati ya hivyo viwili alikuwa amekwama, labda saa moja, labda usiku mzima, na mtu aliyekwama ni mteja: anataka chai, wali, maji, vocha, pa kulala, mtu wa kumbebea begi, na zawadi ya mtoto aliyoisahau. Kila hitaji likazaa kibanda. Stendi ilipohama, wali wa Ubungo haukuwa umepungua chumvi. Barabara ilikuwa ileile, nyumba za wageni zilezile. Kilichohama ni kule kukwama, na mama ntilie mwenye akili alibeba sufuria zake akafuata. Aliyebaki ilibidi atafute mteja wa aina nyingine, yaani mkazi wa mtaa, ambaye hana haraka na hanunui bei ya stendi.

Mtaa wa India ulikuwa hivyo, isipokuwa abiria wake walikwama kwa wiki kadhaa. Unakwenda sambamba na ufuo, kwa hiyo kila kilichotoka bara kwenda forodhani, au forodhani kwenda bara, ilibidi kiukate. Na kazi iliyofanyika mlangoni haikuwa ya kupokea fedha na kutoa bidhaa. Msafara wa kwenda Unyanyembe, pande za Tabora, ulihitaji merikani (kitambaa cha pamba), kaniki, ushanga na masango (nyaya nene) ya shaba, kwa sababu bara vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha: vya kununulia chakula njiani, kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala, na kununulia pembe. Marobota yaliyofika kwa jahazi kutoka Unguja yalikuwa makubwa mno kwa kichwa cha mtu. Yakafunguliwa, yakapimwa, yakafungwa upya kwa mizigo ya kilo 30 hivi. Vitambaa vilibanwa vikawa kama gogo refu ili bega livumilie, ushanga ukaingizwa kwenye mifuko myembamba, na masango yakatundikwa kwenye ncha mbili za mti, mzegazega.

Ushanga ndio uliokuwa na mtego. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi na ukubwa wake, na mtindo ulibadilika. Ushanga mwekundu wa samesame, uliokuwa ghali, uling'ang'aniwa mahali pengi. Mwingine, ukiufikisha mahali ambapo wanawake wameshauchoka, haununui hata kuku. Umetembea miezi mitatu na mzigo ambao si fedha tena. Kwa hiyo mwenye duka aliyekuwa akiwasikiliza wapagazi waliorudi, akajua wiki hiyo Ugogo wanataka nini, alikuwa na bidhaa isiyoonekana rafuni. Ndiyo maana ilimfaa mtu kukaa Bagamoyo na si Unguja, ingawa bei ya jumla Unguja ilikuwa nafuu.

Halafu mkopo. Misafara mingi haikuwa na fedha za kununulia hayo yote. Ilichukua mali kauli, ikalipa kwa pembe ikirudi, na kurudi kungeweza kuchukua mwaka au zaidi. Mwenye duka naye alikuwa amekopeshwa na tajiri wa Unguja, mtu wa kiwango cha Taria Topan, na tajiri huyo alikuwa na hesabu zake na makampuni ya Kimarekani, Kijerumani na ya Bombay. Wa Bagamoyo aliyejulikana kuliko wote katika kazi hii ni Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Jina lake watu wa Dar es Salaam wanalijua kwa jengo la Sewa Haji pale Muhimbili, kwa kuwa ndiye aliyetoa fedha za hospitali. Deni la namna hii linadai uwepo. Huwezi kumkopesha mtu anayekwenda kilomita 800 porini halafu usikae kwenye mlango atakaopitia akirudi.

Sasa weka reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, bandari yenye kina na yenye mlango uliofichika na mawimbi. Treni ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kabla ya hapo, mwaka 1901, reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilishafika Kisumu, na mizigo ya Ziwa Viktoria ikaanza kupata njia nyingine. Behewa moja lilibeba mizigo ya wapagazi mamia na halikuhitaji wali. Kila kilomita ya reli iliyokwenda bara ilipunguza idadi ya watu wa kukwama Bagamoyo. Hakuna aliyefunga mtaa. Ulikosa tu watu wa kusubiri. Tajiri aliyekuwa akikopesha misafara alihamia mwanzo wa reli, na mwenye duka dogo akabaki na nazi, mpunga, chumvi, boriti na samaki, biashara za kulisha wilaya na si bara zima.

Tusiibebeshe reli kila kitu. Ndovu walikuwa wanazidi kuwa mbali, na baada ya Mfalme Leopold kushika Kongo, pembe nyingi zilizokuwa zikija mashariki zilielekezwa mto Kongo na kutokea Atlantiki. Hata bila treni, neema ya miaka ya 1880 isingedumu. Tofauti ni kwamba bila treni kungebaki mizigo mingine ya kichwa.

Tanga ni ushahidi wa upande wa pili. Huko reli ilianza kujengwa mwaka 1893 kutokea bandarini kwenyewe na kufika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo mahali pa kubadilishia usafiri palibaki mjini. Maduka ya Tanga yamebadilisha bidhaa mara nyingi. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta na miche 62 tu ikafika hai, uliyalisha kwa miongo, kisha nyuzi za viwandani zikaushusha bei na fedha ya mashambani ikapungua. Walipata tabu, lakini maduka yalibadilika yakiwa wazi. Kubadili bidhaa ni jambo moja, kukosa njia ni jambo lingine.

Mtaa wa India wenyewe umepata wateja wapya wa kiasi. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, wachoraji na wachongaji wakaenea mjini, na leo kwenye baraza zilezile michoro imeegemezwa ukutani ikimsubiri mtalii. Biashara ya kila siku, ya sukari, simu na nguo, iko nyuma, upande wa stendi na sokoni, kwa sababu sasa mtu wa Bagamoyo hubadilisha usafiri pale, si ufukweni.

Wapo wanaotumaini kwamba bandari ya Mbegani, kusini kidogo ya mji, itaurudisha mtaa huu. Makubaliano yake yalisainiwa mwaka 2013, yakakwama mwaka 2019, na baadaye mazungumzo yakafufuliwa. Bandari inaweza kuleta ajira na kodi. Ila bandari ya siku hizi ni ya makontena: sanduku hufungwa kiwandani ng'ambo, linashushwa kwa winchi, linakaa juu ya lori au behewa na kufunguliwa Kigoma au Lubumbashi. Hakuna robota la kufungua, hakuna wa kufunga upya, na dereva wa lori hata Bagamoyo mjini hana sababu ya kupita.