“Afisa Aliyeleta Amani”: Dhana Potofu Katika Faili za Mkoloni

Kila msimu wa tasnifu, fotokopi ni ileile. Walowezi wa Kenya ya kikoloni wamemwandikia afisa wa wilaya wa Kiingereza risala ya kumpongeza kwa kutuliza wilaya, naye amejibu kwamba amefarijika kuona jitihada zake za amani zimetambuliwa. Mwanafunzi anahitimisha: huyu alikuwa msuluhishi.

Hapana, jamani. Katika faili hizi “amani” ni mlowezi kulala usingizi na nyaya za simu za reli kutoibwa. Waliotulizwa hawamo. Chukua Nandi: tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Mwingereza, kwenye mkutano ulioitwa wa kusitisha vita. Jeshi likachoma nyumba, likatwaa mifugo, na Wanandi wakasogezwa mbali na reli. Kwa mlowezi hiyo ndiyo amani, na shukrani zake ni za dhati kabisa.

Kwa hiyo ukifika Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, usiagize faili moja ukaridhika. Agiza ripoti ya mwaka ya wilaya, ya mwaka huo na wa kabla yake, pamoja na ripoti ya makabidhiano ambayo afisa alimwachia aliyempokea kazi. Humo hakuna mapambo: faini ya ng'ombe, watu waliohamishwa, kodi ya nyumba. Kisha majina ya waliotia sahihi risala yatafute kwenye matangazo ya ardhi katika Gazeti Rasmi. Jina likitokea kote kuwili, umeshajua linashukuru nini.

“Mtumishi wako mtiifu” si unyenyekevu. Ni kimalizio cha kawaida cha barua rasmi tu. Hata barua ya kumnyima mtu ardhi iliishia hivyo. Msikijengee sura nzima.

Dhana nyingine, ya mikataba: “Wazee walitia alama, basi walikubali.” Mwaka 1904 Wamasai waliahidiwa Laikipia maadamu wapo duniani, mkataba wa 1911 ukawaondoa. Waliishtaki serikali, na mwaka 1913 kesi ikatupwa: eti ule ni mkataba baina ya dola mbili, korti ya hapa haiugusi. Kodi walitozwa kama raia, hakimu akawaona wageni.

Na si kila kitu kiko Nairobi. Barua za gavana kwenda London ziko Kew, kwenye Nyaraka za Kitaifa za Uingereza, mfululizo CO 533 (CO ni Wizara ya Makoloni). Za kabla ya Aprili 1905 tafuta mfululizo FO 2, kwani nchi ilikuwa bado chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza (FO).