Je, wajua kwa nini kwapa hunuka na paji la uso halinuki?

Simama mchana pale Birere, mjini Goma, uwatazame wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakipandisha magunia ya viazi. Jasho linawaingia machoni, linadondoka kidevuni. Lakini nani umewahi kumsikia akilalamika kwamba paji la uso la mtu linanuka? Lawama zote ni za kwapa.

Sababu ni kwamba jasho si la aina moja. Tezi zilizoenea karibu ngozi nzima, kama milioni 2 hadi 4 hivi, hutoa maji yenye chumvi ili kuupoza mwili. Tezi nyingine, kubwa zaidi, zimejikusanya kwapani na kwenye kinena, kando ya mashina ya nywele. Hizo hutoa ute wenye mafuta na protini. Nao ukitoka hauna harufu yoyote. Ila kwapa ni mahali pa joto, unyevu na giza, bakteria wamejaa. Wanaula ute ule, na wanachobakiza ndicho kikwapa. Mmoja wao, Staphylococcus hominis, hutengeneza kemikali yenye salfa inayonuka kama kitunguu kilichoharibika. Kiasi kidogo sana chatosha kumgeuza uso jirani yako ndani ya gari.

Tezi za kwapani hulala hadi mtu abalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 hukimbiza mpira kutwa juu ya mawe ya volkano, akarudi mweusi kwa vumbi mpaka masikioni, na kwapa lake lisinuke. Akifika miaka 13, mambo hubadilika, na afadhali aambiwe na mama au shangazi kabla wenzake darasani hawajamwambia. Tezi hizo huamshwa pia na wasiwasi: mwanafunzi wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hulowa kwapa akiwa amekaa tu kwenye benchi.

Tufanyeje, basi? Maji ya bidoni ni ya kuhesabu, najua. Beseni likiwa nusu, anza na kwapa, kinena na miguu, kwa sabuni. Mgongo unaweza kusubiri. Kisha jikaushe vizuri, maana bakteria hupenda unyevu. Kupunguza nywele za kwapa husaidia. Kupulizia manukato juu ya kwapa lisilooshwa ni kutupa pesa: watu watasikia harufu mbili badala ya moja. Dawa za kuzuia jasho zina chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya tezi, na hufanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Shabu ya wazee nayo ni chumvi ya alumini, kwa hiyo hawakukosea. Limau hupunguza bakteria, lakini usilipake baada ya kunyoa, litakuchoma.

Halafu kuna nguo. Jezi ya poliesta hushika harufu kuliko shati la pamba: hunukia sabuni asubuhi, mwili ukipata joto kikwapa cha jana kinarudi. Igeuze ndani nje unapofua, sugua sehemu ya kwapa, uianike juani. Viatu vilivyofungika vipumzishwe siku moja vikauke.

Harufu ikibadilika ghafla ni jambo jingine. Pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, na mtu ana kiu na anakojoa sana, hiyo inaweza kuwa kisukari kilichopanda. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.