Kinga ya mwili na VVU: askari wanaogeuka mlango

Mtoa elimu ya afya akitaka kueleza kinga ya mwili haraka, husema ni askari. Wakiwa wengi uko salama, wakipungua maradhi yanaingia. Kwa mafua mfano huo unatosha. Kwa VVU unapotosha, hasa kwa yule anayejipa moyo kwamba "kinga yangu iko juu, siambukizwi kirahisi." Ni huyu huyu ananunua vidonge vya "kupandisha CD4" (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) kutoka kwa mchuuzi stendi, ilhali hana VVU na hajawahi kupima hizo CD4.

Tuanze na kirusi chenyewe. Hakiwezi kuzaliana nje ya chembe hai, na chembe kinazozitafuta ni hao hao askari: chembe nyeupe za damu zenye kishikizo kiitwacho CD4 juu ya utando wake. CD4 peke yake haitoshi. Karibu kila mara, kirusi kinachovuka kwa njia ya ngono huhitaji na kishikizo cha pili, kiitwacho CCR5. Chembe iliyotulia haina CCR5 nyingi, na hata kirusi kikiipata hujikuta kama fundi aliyeingia kiwandani umeme umekatika. Chembe iliyoamshwa, yaani iliyoitwa kupambana na kidonda au bakteria, ina CCR5 tele na mitambo yake yote inazunguka. Kwa hiyo kirusi kinapotua ukeni, kwenye uume au kwenye puru (njia ya haja kubwa), kinachoamua mengi ni askari wangapi walioamka wako jirani na ngozi saa ile. Kipimo cha CD4 cha damu ya mkononi hakikwambii chochote kuhusu hilo.

Mara nyingi kirusi hakifiki popote. Uke umefunikwa na tabaka nyingi za chembe, na juu yake kuna ute na bakteria wema wanaotengeneza asidi. Puru ina tabaka moja tu, na chini yake askari wamejazana, maana utumbo ndio kambi kubwa kuliko zote mwilini. Makadirio yanayotumika sana yanasema mtu anayeingiliwa kinyume cha maumbile na mwenye VVU asiyetumia dawa wala kondomu hupata maambukizi kama mara 138 katika kila tendo 10,000, na mwanamke kwa njia ya kawaida mara 8. Hata pale maambukizi yanapotokea kati ya mwanamume na mwanamke, katika watu wanne kati ya watano ukoo mzima wa virusi huanzia kwenye kirusi kimoja tu kilichopenya. Lakini 8 hiyo ni wastani, na wastani huchanganya mwenye afya na mwenye uvimbe wa ndani asioujua.

Hapo ndipo magonjwa ya zinaa yanapoingia. Wengi hudhani kisonono au malengelenge hurahisisha VVU kwa sababu ya mchubuko tu. Mchubuko upo, ila kubwa zaidi ni mwito. Malengelenge ya sehemu za siri yakipasuka, askari hukimbilia pale, na kidonda kikishapona hawarudi makwao. Watafiti wa Seattle, Marekani, walichukua vipande vidogo vya ngozi mahali palipopona, ngozi ikiwa safi machoni. Chini yake wakakuta chembe za CD4 zenye CCR5 bado zimesongamana wiki kadhaa baadaye, hata kwa watu waliokuwa wakimeza dawa ya malengelenge kila siku.

Hilo linasaidia kuelewa mambo mawili yaliyotokea Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo kutoka Mwanza: vijiji ambavyo zahanati zake ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2008 ukaja utafiti mwingine kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni. Hawa walipewa dawa ya malengelenge, na maambukizi hayakupungua. Kisonono ukikitibu kinaisha na askari wanatawanyika. Malengelenge hayatoki mwilini, na dawa hupunguza vidonda bila kuwaondoa askari.

Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, limau au shabu huishia pale pale. Bakteria wema wanakufa, wabaya wanashika nafasi, uvimbe unaanza, askari wanaitwa. Mwenyewe anajiona msafi.

Kwa wanaume, upande wa ndani wa govi una ngozi laini yenye chembe nyingi ambazo kirusi hushikamana nazo. Majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Asilimia 60 si 100, na mwenza wake haimkingi moja kwa moja.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote kinatoka Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakifuatilia wanawake wanaouza ngono mtaani hapo, na wachache wao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa licha ya kukutana na VVU tena na tena. Mtu angetarajia kinga yao iwe kali kama pilipili. Walipochunguzwa zaidi, chembe zao nyingi zilionekana zimetulia kuliko za wenzao. Wala haikuwa kinga ya kudumu: baadhi yao waliambukizwa baadaye, na utafiti ukalihusisha hilo na kuipunguza au kuipumzisha ile kazi kwa muda.

Kinga ya aliye na VVU nayo ina sehemu yake. Wiki za mwanzo, kabla mwili haujajibu, virusi hufurika kwenye damu huku kipimo cha haraka kikiweza kusema hana. Kisha kinga hukishusha kiwango bila kukimaliza. Akipata usaha wa njia ya mkojo, shahawa zake hujaa virusi upya: nchini Malawi wanaume wa namna hiyo walikutwa na virusi mara nane zaidi ya wenzao, na vikashuka walipotibiwa. Dawa za kufubaza hufanya kile ambacho kinga haikuweza. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono.

Na kwa asiye na VVU, PrEP, yaani dawa ya kujikinga inayotumiwa kabla ya tukio, haiongezi askari hata mmoja. Dawa hukaa ndani ya chembe zile zile zinazowindwa, ili kirusi kikishaingia kishindwe kunakili vinasaba vyake. PEP, dawa ya dharura, hutumia njia hiyo hiyo baada ya tukio, wakati virusi bado ni vichache na havijasambaa mwilini, ndiyo maana kituoni watakuuliza kwanza ni saa ngapi zimepita. Zikizidi 72, hawaianzishi.