Rika la nyota: umri wake na pale lilizaliwa vinajulikanaje

Mwezi wa kwanza stima ilipotea huku Lang'ata usiku mzima, nikapanda juu ya ploti na mpwa wangu tukaangalia kusini upande wa mbuga, giza safi, nyota mpaka chini. Nikamwonyesha Suheli ile inang'aa sana, na kando yake kanyota kamefifia kanaitwa Beta Pictoris, nikamwambia hako bado ni katoto. Akaniuliza, "Anko, umejuaje umri na hukuwepo kakizaliwa?" Swali zuri sana hilo.

Nyota nyingi hazizaliwi moja moja. Wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake, linatoa nyota nyingi kwa wakati karibu mmoja, halafu gesi inapeperushwa na nyota zinaanza kuachana polepole, lakini mwendo wao unabaki kufanana. Hilo kundi mimi naliita rika, vile wazee wanahesabu waliotoka jandoni pamoja, leo mmoja yuko Meru mwingine Mombasa na rika ni lile lile. Beta Pictoris iko miaka ya nuru 63 hivi kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja) na wenzake wametapakaa pande nyingi za anga. Jua letu si la rika hilo, linapita tu katikati yao.

Sasa umri. Unachukua mahali kila nyota iko leo, kasi yake na upande inaelekea, halafu unarudisha nyuma kama video ya watu wakitoka uwanja wa Nyayo, wanaanza kusongeana mpaka wanabanana kwa geti. Pale nyota zimebanana zaidi ndipo zilianzia, na muda uliorudisha ndio umri. Vipimo vingi vimetoka kwa Gaia, chombo cha anga cha Ulaya cha kupima nyota kilichorushwa Desemba 2013. Lakini hesabu yenyewe ni ngumu, maana mvuto wa galaksi unapinda njia za nyota, na ukikosea kasi kwa kilomita 1 tu kwa sekunde, kwa miaka milioni 20 umepotea zaidi ya miaka ya nuru 65. Mgeni mmoja asiye wa rika akiingia kwenye orodha naye anaharibu.

Ndio maana wanapima pia lithiamu, ile metali nyepesi ya betri za simu, na hapa ndipo mimi napapenda. Nyota inazaliwa na lithiamu kidogo, na ndani ikifika joto la nyuzi milioni 2.5 hivi inaichoma. Zile ndogo zinachelewa kufika joto hilo, kwa hivyo ndani ya rika moja kuna mpaka: nyota nyekundu za uzito fulani zimeshaimaliza, hafifu zaidi bado zinayo, na miaka ikienda mpaka unazidi kushuka kwa zile hafifu. Ukiona mpaka uko wapi umepata umri. Kwa rika la Beta Pictoris njia zote mbili zinaangukia karibu miaka milioni 20, lithiamu ikitoa kubwa kidogo, na hiyo inaeleweka kwa sababu ile ya kurudisha nyuma inahesabu tangu nyota zilipoanza kuachana, si tangu zilipozaliwa.

Mpwa wangu akageuka kaskazini akaniuliza Kilimia je, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, nayo turudishe? Hiyo haiwezekani hivyo, nyota zake bado zimeshikana kwa mvuto, hazijaachana. Kwa Kilimia ni lithiamu ilisaidia kuonyesha imepita miaka milioni 100.