Je, wajua? Kwa nini Mwamu akasomee Kiswahili chuo kikuu

Ami yangu hukaa barazani kila baada ya alasiri, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi. Niliporudi Amu, yaani Lamu, likizo ya kwanza hakuniuliza habari za Nairobi. Aliniuliza nasomea nini. Nikamwambia: isimu, ile elimu ya jinsi lugha inavyofanya kazi, pamoja na Kiswahili, na Kijerumani kidogo.

"Kiswahili?" Akawageukia wenzake. "Hiki tunenacho hapa?"

"Hicho hicho, ami."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Baraza zima likaangua kicheko. Mmoja akasema kama ni hivyo na yeye apewe digrii yake, maana ana miaka sabini darasani.

Swali lao si la kijinga. Mtu akasome nini katika lugha aliyoinyonya ziwani? Nikaona nisijitetee, nimuulize.

"Ami, wewe husema mama yangu au mama wangu?"

"Mama yangu. Mama wangu ni maneno ya watu wa bara."

"Na mtoto?"

"Mtoto wangu."

"Mama ni mtu, mtoto ni mtu, na wote wawili twasema amekuja. Mbona mmoja ni yangu na mwengine ni wangu?"

Akanywa kahawa.

Mama, baba, shangazi na rafiki ni maneno yasiyo na kile kiambishi cha m- na wa- kilichomo katika mtoto na watoto. Kwa umbo lake, mama amekaa safu moja na nyumba na njia: nyumba yangu, njia yangu, mama yangu; nyumba zangu, rafiki zangu. Kitenzi hakijali umbo hilo, chenyewe chatazama uhai, ndiyo maana ni amekuja na wala si imekuja. Lakini mlete simba. Naye hana kiambishi, na bado twasema simba wangu. Kumbe si umbo peke yake: ni umbo pamoja na udugu. Jamaa na rafiki huachiwa yangu yao, wanyama hunyang'anywa. Hakuna mtoto wa Langoni wala Mkomani, mitaa yetu ya Amu, aliyekalishwa kitako akafundishwa hayo, na hakuna anayekosea. Kanuni kama hizo, ambazo watu huzifuata bila kujua kwamba wanazifuata, ndizo mwanaisimu anazozitafuta. Kuwa mzawa wa lugha humrahisishia kazi kwa sababu sikio lake halidanganyiki, na humwia vigumu pia, kwa sababu jambo ulilolizoea hulioni.

Hapo ami akaanza kunisikiliza. Nikatoa risiti ya duka mfukoni, nikaipasua ukanda mwembamba, nikamshikia mbele ya midomo.

"Sema paa la makuti."

Akasema. Karatasi ikatulia.

"Sasa sema paa, yule mnyama wa mwituni."

Karatasi ikaruka.

Mlio wa p katika paa mnyama hutoka na pumzi, ule wa paa la nyumba hautoki nayo. Vivyo hivyo kaa wa pwani mwenye magando ana pumzi, kaa la moto halina. Katika kuandika yote ni sawa, na wengi waliojifunza Kiswahili shuleni hawaitoi tofauti hiyo kabisa. Mtu wa pwani aliyelelewa nayo huitoa hata akiwa usingizini.

Pumzi hiyo imetoka wapi? Chukua maneno ya u- uyatie katika wingi. Ubao huwa mbao. Ulimi huwa ndimi. Katika wingi huzuka m au n mwanzoni. Sasa ukuta: mbona wingi wake ni kuta, pasi na n yoyote? N ilikuwepo. Mbele ya p, t na k ilififia zamani hata ikatoweka, na ilipokwenda ikaacha pumzi nyuma yake. Ndiyo maana k ya kuta huipeperusha karatasi na k ya ukuta haiipeperushi. Mnyama paa naye yumo katika ngeli hiyo hiyo ya n, na pumzi yake ni alama ya herufi iliyokufa. Mimi mwenyewe niliposikia haya mara ya kwanza darasani nilitoka nje nikawa nanong'ona kuta, ukuta, kuta, ukuta, kiganja mdomoni, watu wakipita.

Kisha kuna t. Hapa Amu huteka maji kisimani, na mtu akisimuliwa kichekesho pia huteka, yaani hucheka. Kwa mgeni hilo ni neno moja. Kwetu ni mawili: la maji, ncha ya ulimi hugusa ufizi, la kicheko, hugusa meno. Kadhalika kutoka nyumbani na kutoka kwa kazi nyingi, ambako Kiswahili sanifu husema kuchoka. Alfabeti tunayoandikia ina t moja tu, basi sauti mbili hulala kitanda kimoja. Wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, huitia ile ya meno kialama kidogo chini yake, chenye umbo kama la jino. Chama chao cha kimataifa kilianzishwa Paris mwaka 1886, na alama zake ndizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazozikariri mpaka kichwa kimuume.

Nina kisa na t hiyo. Darasa la tano niliandika katika insha kwamba bibi alifumba mato. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika macho, alama ikapungua. Kwa mtihani alikuwa na haki yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuisimamia kazi hiyo. (Mombasa ikawa mwenyeji wa mkutano, na Kimvita chake, ambacho nacho husema mato, kikaachwa mlangoni.) Uamuzi ule ulikuwa wa kiserikali, wa vitabu na shule. Ila hakuna aliyeniambia hivyo, nami nilikaa miaka nikidhani kwamba bibi yangu hakujua Kiswahili.

Lililoniondolea dhana hiyo ni mto. Ukipanda basi Malindi kuja Mokowe, tunakopandia boti ya Amu, mji haujakaa sana nyuma yako unavuka daraja la Sabaki. Maji yake ni mekundu kwa udongo. Ni mto ule ule ambao juu huko huitwa Athi na baadaye Galana. Wanaisimu wamelichukua jina hilo la Sabaki wakalipa kundi zima la lugha: Kiswahili na lahaja zake, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kitabu kikubwa cha historia ya kundi hilo.

Sasa tulichukue lile neno lililonipotezea alama. Sanifu ni macho, Kiamu mato. Mgiriama wa Malindi, mmoja wa Wamijikenda, husema matso. Nje ya kundi hilo, Mkikuyu husema maitho, Mganda amaaso. Chukua cheka: sisi teka, Mgiriama tseka, Mkikuyu theka, Mganda seka. Chukua nchi: sisi nti, Mgiriama tsi, Mkikuyu thi, Mganda ensi. Neno moja lingekuwa bahati. Maneno matatu yanayofuatana kwa mpango huo huo, na mengine mengi nyuma yao, si bahati tena. Ni sauti moja ya mababu ambayo kila jamii imeiviringa kwa ulimi wake. T yetu ya meno, basi, si ch iliyoharibika. Zote mbili ni watoto wa mzazi mmoja, na Kiunguja hakikuzaliwa kwanza.

Msomaji mkali atauliza: kama ni hivyo, mbona Mwamu hasemi takula? Kweli hasemi. Husema chakula na chombo kama watu wote. Sababu ni kwamba ch hiyo ni nyingine: ni kiambishi ki- kilichokutana na irabu kikabanwa. Masikio yanazisikia ch mbili sawasawa. Kiamu kimezitenga bila kukosea hata mara moja, kwa sababu hazina asili moja. Ushahidi huu aliubeba bibi yangu kinywani maisha yake yote, naye hakuwahi kwenda skuli.

Na Kijerumani kinaingia wapi? Kinaingia hapo hapo. Kiingereza kina ten, two na tongue. Kijerumani kina zehn, zwei na Zunge, na hiyo z yao husomwa ts. Mgiriama na Mwamu tena, ts huku na t kule, japokuwa sababu zake ni nyingine! Mwaka 1822 Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya ngano na nduguye Wilhelm, aliandika kanuni za mabadiliko ya namna hii katika lugha za ukoo wa Kijerumani. Mwanafunzi aliyezielewa hapotezi jioni nzima akikariri orodha ya maneno. Mengine huyabahatisha akapata. Na Wajerumani walitutangulia kukisoma Kiswahili darasani. Carl Meinhof alikuwa akifundisha lugha za Kiafrika Hamburg tangu 1909, wakati ambao nchi yake ilikuwa na koloni Tanganyika, kwa hiyo mapenzi ya lugha hayakuwa peke yake. Leo Kiswahili hufundishwa Leipzig, Bayreuth, London, Paris na Napoli.

Yaliyobaki ya kozi nitayapita mbio: mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (mpangilio wa sentensi), semantiki (maana), isimu jamii (lugha na watu wake), na tafsiri ambayo wengi huipenda kwa sababu ndiyo inayolipa. Waliohitimu utawakuta mahakamani wakifasiri, kwenye kamusi, redioni, madarasani, na siku hizi kwa watengenezaji wa programu za simu zinazosikiliza sauti ya mtu.

Haya yote sikumwambia ami siku ile. Jua lilikuwa linatua, adhana ikaingia, tukainuka. Kesho yake asubuhi nikamkuta barazani peke yake, ukanda wa risiti bado anao, kaushika kwa vidole viwili mbele ya ndevu.

"Kuku anayo," akanipa ripoti. "Paka anayo. Baba hana."

Punda akapita na mzigo wa mawe ya matumbawe, kijana nyuma yake akimhimiza. Ami akamtazama, akaisogeza karatasi, akasema, "Punda."

Ikaruka.