Mahakama ikifuta uchaguzi haijachagua mshindi

Wengi hudhani majaji wakibatilisha uchaguzi wa rais wamempokonya mmoja ushindi na kumkabidhi mwenzake. Sivyo. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa sababu utumaji na ujumlishaji wa matokeo ulikiuka Katiba na sheria. Nani hasa alipata kura nyingi, haikusema. Uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Raila Odinga, mlalamikaji mwenyewe, akaususia (jambo ambalo wanaolaumu majaji hulisahau upesi), na Kenyatta akashinda tena. Nchini Malawi, uchaguzi wa 2019 ulifutwa Februari 2020, baada ya kubainika fomu za matokeo zilipakwa wino mweupe wa kufutia. Aliyemwingiza mpinzani Lazarus Chakwera Ikulu ni mpiga kura, katika uchaguzi wa marudio wa Juni mwaka huo.