Herpes haioshwi kwenye damu, iko kwenye kiini cha seli

Dirishani kwetu maabara haipiti wiki hajaja mtu na karatasi ya majibu ya IgG ya herpes mkononi (IgG ni kingamwili, askari ambao mwili unawatengeneza ukikutana na kirusi), ashanunua mtandaoni dawa ya "kusafisha damu" kwa hela ya kodi ya miezi miwili, anataka tumpime tena aone kama imetoka. Haitatoka. IgG inasema tu mwili wako ulishakutana na kirusi, hata miaka ishirini nyuma, na kwa takwimu za WHO watu walio chini ya miaka 50 wenye HSV-1, herpes ya mdomoni hasa, duniani ni zaidi ya nusu, kwa hiyo tupunguze na kunyoosheana vidole.

Sasa kirusi kiko wapi? Kikiingia kwenye seli kinasafiri mpaka ukuta wa kiini, ganda lake lina upana wa nanomita 125 hivi, tundu la pale halipitishi, basi linaganda mlangoni na DNA inasukumwa ndani peke yake, uzi wa herufi kama 152,000 hauna nguo. Seli haisubiri kesho. Kwenye kiini kuna vidoa vya protini, nguzo yake ni PML, wenzake Sp100, Daxx na ATRX, ukiipaka seli rangi inayong'aa ukaweka kwenye darubini unaviona kama nukta chache zimetawanyika. DNA ngeni ikitua tu zile nukta zinajipanga pale pale ukingoni ilipoingilia, zinaizunguka. Halafu DNA inavishwa histoni, protini za kuizungushia, inakazwa kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na DNA iliyokazwa hivyo haisomeki, isiposomeka hakuna kirusi kipya. Kuna na protini ya IFI16, huyu anaitambua kuwa ni ya mgeni, anachangia kuamsha interferoni, kengele ya hatari ya mwili dhidi ya virusi, na interferoni nayo inaongeza PML.

Kirusi sio mjinga lakini. Kati ya protini zake za mwanzo iko ICP0, inabandika lebo kwenye PML na Sp100, na chochote chenye lebo hiyo seli inakipeleka yenyewe kwenye mashine yake ya kusaga protini, yaani walinzi wanafukuzwa kazi kwa muhuri wa ofisi yao wenyewe. Ukirudi kwenye darubini masaa machache baadaye nukta hazipo. Mimi nimeziangalia zikipotea miaka yote hii na bado huwa namwita mwenzangu aje aone.

Kwenye ngozi mara nyingi kirusi kinashinda, ndio malengelenge. Kwenye seli ya neva mara nyingi kinafungwa na kulala, cha mdomoni ndani ya fuvu karibu na sikio, cha sehemu za siri chini ya mgongo, na kinalala maisha yote. Acyclovir yenyewe, dawa halali kabisa, inaamshwa na kimeng'enya cha kirusi na inazuia DNA yake isinakiliwe, kilicholala hakinakili kitu, basi haikigusi. Sasa juisi ya magome inapita wapi mpaka kwenye kiini? Nisinukuliwe vibaya, sisemi tiba asili haifai, hapa Tanzania ina sheria yake ya 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma, nasema muuzaji akuonyeshe usajili wake, na tangazo la dawa bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni kosa, kosa la aliyetangaza na sio lako wewe uliyenunua, kwa hiyo usiogope kuleta kopo na risiti.

Mkanda wa jeshi ni ndugu yao, ni kirusi cha tetekuwanga kilichoamka baada ya kulala kwenye neva. Huko PML inajenga vizimba ndani ya kiini na kufungia humo maganda mapya ya kirusi, imeonekana kwenye neva na ngozi ya binadamu maabara. Na jamani hii ya "ukizunguka ukikutana unakufa" tuiache, unafuata neva ya upande mmoja ndio maana unaishia katikati. Sio kurogwa, na sio lazima uwe na VVU, ila kupima VVU ukiupata ni ushauri wetu wa kawaida, hasa kama bado kijana.

Mwenye lengelenge jipya aje ndani ya siku mbili tatu, asipake kitu, asilipasue. Tunachukua majimaji kwa pamba ya maabara, chupa inaandikwa majina mawili, tarehe, saa na sehemu ilikotoka, fomu isainiwe na aliyekuchukua sampuli na sio na wewe, namba ya chupa na ya fomu zifanane. Zisipofanana tunakataa, hata kama umetoka mbali. Mjamzito anayepata herpes sehemu za siri kwa mara ya kwanza asipange foleni hii, aende kliniki yake leo leo. Na pamba ya masikio ya dukani kwenye mfuko wa rambo hatupokei, tumeshaletewa.